Mkanda Umeshikwa na Nini? Historia ya mikanda ya usalama na magari ya kizamani

Pasaka ya mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda mbio za East African Safari wakiwa na Volvo PV544. Hata kwa wakati ule gari hilo lilikuwa la kizamani. Umbo lake la mgongo wa mviringo lilichorwa Sweden wakati Vita Kuu ya Pili bado inapiganwa, na mwaka huohuo wa 1965 kiwanda kiliacha kulitengeneza. Wapenzi wa mbio wanalikumbuka kwa ushindi ule. Wahandisi wanalikumbuka kwa jambo jingine kabisa: PV544, pamoja na mwenzake Volvo Amazon, ndiyo magari ya kwanza kutoka kiwandani yakiwa na mkanda wa pointi tatu kama kifaa cha kawaida, yaani ule wa kiunoni na begani tunaoufunga mpaka leo. Ilikuwa 1959.

Sasa mfikirie mtu wa leo mwenye gari la miaka ileile ambalo halikubahatika hivyo. Labda ni Peugeot 404, labda Volkswagen Beetle, labda Morris Minor aliyoikuta kwa babu imefunikwa turubai. Ameifufua injini, amepiga rangi, na sasa anataka familia ipande. Anakwenda gereji na kumwambia fundi, "Nifungie mikanda." Fundi anasema hakuna shida. Mikanda ipo dukani, drili ipo, bolti zipo. Kabla ya saa ya chakula kazi imekwisha na mikanda inapendeza.

Swali ambalo halikuulizwa ni moja tu: mikanda ile imeshikwa na nini?

Makala haya yanahusu swali hilo. Mkanda wenyewe ni kitambaa. Kinachomwokoa mtu ni njia nzima ambayo nguvu ya ajali inapita: kutoka mfupa wa abiria, kwenda kwenye kitambaa, kwenye bolti, mpaka kwenye mfupa wa gari. Ilichukua wanasayansi karibu nusu karne kuijua njia hiyo, na gari la kizamani mara nyingi lilitengenezwa kabla hawajamaliza.

Hesabu kidogo kwanza

Usiogope, ni ya sekondari tu. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, karibu mita 14 kwa sekunde. Linagonga ukuta. Gari linasimama, lakini wewe husimami. Hakuna aliyeushikia mwili wako breki. Unaendelea mbele kwa mita 14 kwa sekunde mpaka kitu kikuzuie. Hiyo ni spidi ya mtu anayetua chini baada ya kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi.

Kinachoamua utatoka vipi ni umbali unaotumia kusimama. Ukipewa nusu mita, kwa sababu pua ya gari imejikunja na mkanda umevutika kidogo, mwili unabeba kwa wastani mara 20 ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni karibu tani 1.4. Ni mzigo mkubwa, lakini ukidumu sehemu ndogo ya sekunde na ukipita kwenye mifupa inayofaa, mtu anatoka na michubuko na kidari kinachouma wiki mbili. Ukipewa sentimita 5 tu, yaani umezuiwa na dashibodi ya chuma, inakuwa mara 200. Hapo hakuna mjadala.

Hesabu hiyohiyo inajibu lile jambo la kumpakata mtoto. Mtoto wa kilo 10, kwa mara 20, anavuta kama kilo 200. Hakuna mikono ya mzazi yeyote, hata awe mnyanyua vyuma, inayoshika kilo 200 zinazoondoka ghafla.

Kwa hiyo kumbuka ile tani 1.4. Inapita kwenye kitambaa chenye upana wa vidole vitatu, na mwisho wa kitambaa kuna bolti, na nyuma ya bolti kuna bati. Tutarudi kwenye bati.

Rubani aliyechanwa na mkanda wake

Mkanda wenyewe ni wa zamani kuliko gari la kawaida. Edward Claghorn wa New York alipewa hataza ya mkanda wa usalama mwaka 1885. Baadaye marubani wa mwanzo walifunga mikanda ya kiunoni ili wasidondoke ndege ikipinduka. Kazi ya mkanda ilikuwa hiyo tu, kumbakiza mtu kitini. Ndege ikianguka mkanda utamfanya nini, hilo halikuwa swali la mtu.

Lilikuwa swali la Hugh DeHaven. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa mwanafunzi wa urubani katika kikosi cha anga cha Uingereza, upande wa Kanada. Ndege yake iligongana na nyingine angani ikaanguka. Alipona, lakini miguu ilivunjika, na ini, kongosho na mfuko wa nyongo vilipasuka. Alipokuwa anapata nafuu alianza kuchunguza kilichompata, akafikia hitimisho la ajabu: majeraha ya tumboni yalisababishwa na kifungo cha chuma cha mkanda wake mwenyewe. Kumbe kilichomwokoa ndicho kilichomchana.

Kwa miaka mingi hakupata wa kumsikiliza. Ajali zilihesabiwa kuwa bahati au kazi ya Mungu, na ushauri wa wakubwa ulikuwa mmoja: endesha vizuri. Mwaka 1942 DeHaven alichapisha uchunguzi wa watu walioanguka kutoka urefu wa futi 50 hadi 150, yaani kati ya mita 15 na 45, na wakaishi. Wengine waliangukia udongo laini, wengine bati lililobonyea. Hakutafuta miujiza. Alipima walichoangukia kilibonyea sentimita ngapi, akaonyesha kwamba mwili wa binadamu ni mgumu kuliko tunavyoudhani, mradi nguvu isambae na umbali wa kusimama uwepo. Mwaka huohuo akaanza utafiti wa majeraha ya ajali katika Chuo Kikuu cha Cornell.

Wazo lake lilikuwa rahisi kiasi kwamba muuza mayai yeyote anayasafirisha kwa sheria hiyohiyo. Boksi lisipondeke. Mayai yasicheze ndani ya trei. Lisiwepo kitu chenye ncha karibu nayo. Magari ya miaka ya 1940 na 1950 yalivunja sheria zote tatu: milango ilifunguka yenyewe kwenye ajali na watu wakarushwa nje, dashibodi zilikuwa chuma kitupu chenye vitufe vilivyochongoka, na shafti ya usukani ilikuwa mkuki mmoja ulionyooka kutoka puani mwa gari mpaka kifuani kwa dereva.

Halafu akaja Kanali John Paul Stapp, daktari wa jeshi la anga la Marekani. Tarehe 10 Desemba 1954, huko New Mexico, alifungwa kwenye kiti cha roketi kinachokimbia juu ya reli. Kilifika zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, kisha kikasimamishwa kwa sekunde 1.4. Mwili wake ulibeba kwa nukta moja mara 46 ya uzito wake. Macho yalivilia damu na kwa muda hakuona kitu, lakini alipona na akaishi miaka mingi baadaye. Alithibitisha kwa mwili wake alichokisema DeHaven: ukishikwa sawasawa, mahali sahihi, unavumilia mengi. Na alikuwa na sababu ya kugeukia magari. Alipotazama rekodi za jeshi lake aligundua kwamba wanaanga walikuwa wanapotea barabarani kuliko angani. Kuanzia 1955 aliwaita wahandisi wa magari kwenye mkutano wa kila mwaka ambao mpaka leo unabeba jina lake.

Mhandisi wa viti vya kurusha marubani

Kufikia hapo mikanda ya magari ilikuwa inauzwa. Nash ya Marekani iliitoa kama chaguo mwaka 1949. Ford ilifanya kampeni nzima ya usalama mwaka 1956, ikiwa na usukani uliobonyea katikati na vitasa imara vya milango. Lakini mikanda hiyo ilikuwa ya kiunoni tu. Barani Ulaya wengine walipenda mkanda mmoja wa kukatiza kifua.

Yote miwili ina kasoro. Wa kiunoni pekee unamfanya abiria ajikunje kama kisu cha mfukoni. Kichwa kinakwenda mbele mpaka dashibodi. Na kama umekaa tumboni badala ya kwenye fupanyonga, unaupasua utumbo na kuvunja uti wa mgongo. Mwaka 1962 watafiti wa Cornell waliyapa majeraha hayo jina lao la pamoja katika vitabu vya tiba. Huo wa kukatiza kifua nao unamwacha mtu ateleze kwa chini au azunguke na kuchomoka.

Volvo walimchukua Nils Bohlin mwaka 1958. Alitoka Saab, alikokuwa anabuni viti vya kumrusha rubani nje ya ndege. Nadhani hapo ndipo penye utamu wa hadithi hii. Rubani wa kivita anakubali kufungwa mikanda minne na mtu mwingine kabla ya kuruka. Mtu anayekwenda kununua mkate hakubali. Bohlin alihitaji ushikaji unaokaribia ule wa rubani, lakini unaofungwa kwa mkono mmoja bila kufikiri.

Jibu lake linaonekana dogo sana ukiliangalia leo. Mikanda miwili, wa kiunoni na wa kifuani, ni kitambaa kimoja kinachoendelea. Vinakutana chini pembeni mwa nyonga, si tumboni, na kuunda herufi V inayoelekea sakafuni. Kwa kuwa pembe ya V ipo chini na pembeni, mtu akivutwa mbele mkanda haupandi tumboni. Unabaki kwenye fupanyonga, na juu unabaki kwenye mtulinga na kidari. Mifupa mitatu mikubwa, hakuna kiungo laini. DeHaven mwenyewe, akiwa na Roger Griswold, alikuwa amepata hataza ya mkanda wa pointi tatu mwaka 1955, ila kifungo chake kilikaa mbele ya tumbo. Tofauti ni mahali pa kifungo. Ni sentimita chache tu.

Volvo waliacha hataza hiyo itumiwe na watengenezaji wengine. Mwaka 1967 Bohlin aliwasilisha uchambuzi wa ajali zaidi ya 28,000 za Sweden: hakuna aliyefunga mkanda huo aliyekufa katika ajali za chini ya maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, ilhali wasiofunga walikufa katika spidi za kila aina. Wamarekani leo wanakadiria kwamba mkanda wa pointi tatu unapunguza vifo vya walioketi mbele kwenye gari dogo kwa asilimia 45 hivi.

Jambo ambalo halizungumzwi sana ni kilichofuata: vita vya bolti. Uingereza, kabla ya kudai mikanda, ilidai kwanza mahali pa kuishikia. Magari mapya ya 1965 yalitakiwa kuwa na sehemu za kufungia mikanda ya mbele, na mikanda yenyewe ikafuata 1967. Marekani, baada ya kitabu cha Ralph Nader cha 1965 na sheria ya usalama wa magari ya 1966, iliandika kanuni mbili tofauti. Kanuni namba 209 inahusu mkanda. Namba 210 inahusu mahali mkanda unaposhikwa, na inataka mahali hapo pavutwe kwa mashine: kwa mkanda wa kiunoni peke yake, pauni 5,000, zaidi ya tani mbili na robo, kwa wa pointi tatu, pauni 3,000 kila sehemu. Wangeweza kuandika kanuni moja. Waliandika mbili kwa sababu walishajifunza kwamba mkanda mzuri kwenye bati bovu ni kitambaa kinachoning'inia.

Turudi gereji

Sasa tunaweza kumtazama fundi wetu na drili yake. Ana sakafu ya gari la 1962, bati la unene wa milimita moja hivi. Anatoboa, anapitisha bolti, anaweka nati na washa ndogo ya kawaida chini. Tani 1.4 ikivuta pale, washa inapita kwenye bati kama kifungo cha shati kinavyong'oka na kipande cha kitambaa. Kinachotakiwa ni bamba la chuma pana, lenye kona za mviringo zisizokata, linalokaa upande wa chini wa sakafu ili nguvu isambae. Na lisikae popote tu. Gari nalo lina mifupa yake: kizingiti kinachopita chini ya milango, mgongo wa kati wa sakafu, nguzo za milango, boriti za kukatiza. Bolti ikaribie hapo.

Kisha kuna kutu, na rafiki yake puti. Gari lililokaa pwani miaka 40 linaweza kung'aa juu huku kizingiti kikiwa ganda tupu. Piga nyundo kidogo usikilize mlio. Kama mlio ni wa boksi la karatasi, kazi ya mikanda isubiri ya kuchomelea.

Habari njema ni kwamba magari mengi ya miaka ya 1960 yana matundu ya kiwandani, yenye nyuzi na bamba tayari, yamezibwa kwa vizibo na kufichwa nyuma ya zulia. Yalitengenezwa kwa ajili ya masoko yenye sheria. Kabla hujatoboa chochote, fungua zulia utazame.

Pembe nazo zina maneno. Sehemu ya kiunoni ishuke kwa mwinuko mkali kutoka nyonga kwenda sakafuni. Ikilala sana, mtu anapiga mbizi chini yake na mkanda unaishia tumboni, tumerudi kwa DeHaven na kongosho lake. Sehemu ya bega ishikwe nyuma, kwenye usawa wa bega au juu yake kidogo. Kosa linaloonekana mara kwa mara, hasa kwenye magari yasiyo na paa la chuma ambako hakuna nguzo ya kushikia, ni kuupitisha mkanda juu ya bega na kuufunga sakafuni nyuma ya kiti. Gari likigonga, mkanda huo unalivuta bega chini na kuukandamiza uti wa mgongo kama mtu anavyofunga gunia. Pasipokuwa na pa kushikia juu, mimi naona ni heri mkanda wa kiunoni uliofungwa sawasawa kuliko wa bega uliofungwa hivyo.

Mikanda ya kujivuta nayo ina siri yake. Ndani ya lile kasha kuna mpira mdogo wa chuma au uzani unaoning'inia, na huo ndio unaohisi breki ya ghafla na kuuzuia mkanda. Unategemea mvutano wa dunia, kwa hiyo kasha likiwekwa kwa pembe isiyo yake mkanda utagoma kila saa, au usishike siku unapouhitaji. Kama pembe haipatikani, mkanda usiojivuta, wa kurekebisha kwa mkono, unafanya kazi vizuri tu.

Na tafadhali, si mkanda wa mtumba uliokatwa kwenye gari lililopata ajali. Kitambaa cha mkanda kimesukwa ili kivutike mara moja. Kikishavutika, kimetoa kilichokuwa nacho. Jua nalo linakila taratibu. Mkanda uliopauka na kuwa mgumu kama kamba ya katani ni wa kuonyesha, si wa kufunga.

Bel Air na kiti kilichong'oka

Mwaka 2009 taasisi ya kampuni za bima za Marekani inayopima usalama wa magari, IIHS, iliadhimisha miaka 50 kwa kugonganisha magari mawili ya Chevrolet uso kwa uso, kila moja kwa kilomita 64 kwa saa: Bel Air ya 1959 na Malibu ya 2009. Watu wengi walidhani Bel Air, na wingi wake wa chuma, ingeshinda. Ilikunjika kama boksi. Kioo cha mbele kilitoka chote, mlango wa dereva ukafunguka, usukani ukaja juu na nyuma, na kiti cha mbele kiling'oka sakafuni upande wa kushoto.

Hilo la kiti ndilo ninalotaka uliangalie. Bel Air haikuwa na mikanda. Tuseme tungeifungia, tena kwa bolti nzuri. Mkanda ungemshika dereva, lakini kiti kilichong'oka kingemfuata mgongoni, na usukani ungemfuata kifuani. Kuna mambo mkanda hauwezi kuyarekebisha. Pua inayojikunja kwa mpango, huku sanduku la abiria likibaki imara, ni wazo la Béla Barényi wa Mercedes, na gari la kwanza kulitumia kikamilifu lilitoka 1959. Shafti ya usukani inayofyata ikigongwa ilienea Marekani kuanzia magari ya 1967. Huwezi kuyachomelea hayo gereji.

Viti, hata hivyo, unaweza. Magari mengi ya milango miwili yana viti ambavyo egemeo lake linakunjika mbele ili abiria wa nyuma waingie, na halina kufuli. Abiria wa nyuma akirushwa, au hata begi zito, egemeo linakusukuma kwenye mkanda wako. Kufuli ya egemeo, na reli za kiti zilizoshikwa upya, ni kazi ya siku moja na haionekani kabisa kwa nje.

Michuki na matatu

Afrika Mashariki iliwahi kufanya jaribio kubwa kuliko la klabu yoyote ya magari ya kale. Februari 2004 Kenya ilianza kutekeleza kanuni zilizopewa jina la waziri wa uchukuzi, John Michuki. Kila matatu iwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na kila abiria awe na mkanda. Magari mengi hayakuwa yametengenezwa na mikanda ya abiria. Mengine yalianza maisha kama vani za mizigo na kuwekewa viti hapahapa. Kwa ghafla gereji za nchi nzima zikawa na kazi ileile ya mwenye Morris Minor, mara maelfu. Siku za mwanzo watu walitembea kwa miguu kwenda kazini kwa sababu magari hayakuwa tayari.

Wengi wanaikumbuka mikanda ile kwa uchafu uliochora mstari mweusi kwenye shati jeupe, na kwa desturi ya kuikumbatia kifuani bila kuifunga mpaka polisi apite. Mimi namkubali Michuki. Alithubutu pale wengi walipopiga kelele tu. Lakini kwa jicho la bolti tatizo ni la aina nyingine. Mkanda ukishikwa kwenye fremu ya kiti, kiti kinabeba uzito wake na wa abiria kwa pamoja, na kila kitu kinaishia kwenye bolti chache zilizokishika kiti kwenye sakafu ya bati. Askari wa barabarani anaona mkanda. Hawezi kuinama kutazama chini ya gari kuna bamba au kuna washa.

Tuliache gari asilia?

Wenye magari ya kale wana ugomvi wao wa kudumu, na Nairobi unausikia kila mara yanapopangwa kwa maonyesho ya Concours d'Elegance. Wapo wanaosema kutoboa gari la 1958 ni kuharibu historia. Naielewa hoja. Ila historia ya magari yenyewe ni ya watu waliotoboa: madereva wa Safari hawakuacha gari lilivyotoka kiwandani hata siku moja. Tundu la milimita 12 chini ya zulia si dhambi. Na kama gari ni la kuonyeshwa tu, likipanda juu ya lori kwenda na kurudi, basi liacheni.

Kuna upande wa pili wa kuzidisha. Baadhi ya vijana wakiona Porsche za Safari Classic wanataka fremu ya mabomba ndani na mikanda ya mbio. Bomba la chuma karibu na kichwa kisicho na helmeti ni hatari mpya uliyojiwekea mwenyewe. Vifaa vya mbio vinafanya kazi vikiwa pamoja. Ukichukua nusu, umechukua nusu mbaya.

Kama fedha ni kidogo, mimi ningeanza na tairi na breki hata kabla ya mikanda. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, pedali inashuka mpaka chini na hakuna kitu. Masta silinda ya njia mbili inakuachia angalau magurudumu mawili, na kwa modeli nyingi inapatikana.

Kuhusu watoto, sheria ya Uingereza ni ya kutazamwa. Inawaruhusu watu wazima kupanda gari lililotengenezwa bila mikanda, lakini mtoto wa chini ya miaka 3 haruhusiwi kabisa, na wa zaidi ya hapo anakaa nyuma tu. Kiti cha mtoto hakiwezi kushikwa na hewa. Kinahitaji mkanda, na mkanda unahitaji yale tuliyoyasema. Kwa hiyo ukienda gereji, usianze na bei ya mikanda. Mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole bamba la chini litakaa wapi, na chuma cha hapo kina unene gani. Akikuonyesha, mpe kazi. Akisema washa inatosha, rudi na gari lako kabla hajawasha drili.